Sergio Arau: katuni, guacarock na siku Wameksiko walipotoweka California

Watoto wa Meksiko wana kinga ya zamani dhidi ya matusi. Mwenzako akikuita mjinga, humrudishii tusi jingine. Unamtolea kibwagizo tu: "Botellita de jerez, todo lo que digas será al revés." Kichupa cha divai ya jerez, lolote usemalo litakuwa kinyume. Mtoto wa Kiswahili angemaliza ugomvi huo kwa neno moja, "mwenyewe!", lakini kazi inayofanyika ni ileile: tusi linageuzwa njiani na kumrudia aliyelitoa. Mwaka 1983 wanamuziki watatu wa Mexico City walichukua nusu ya kwanza ya kibwagizo hicho wakaifanya jina la bendi yao, Botellita de Jerez. Nusu ya pili hawakuhitaji kuiandika. Kila Mmeksiko aliyesikia jina hilo aliimalizia mwenyewe kichwani.

Mmoja wa watatu hao, Sergio Arau, alikuwa mpiga gitaa na mwimbaji, na wakati huohuo mchora katuni wa magazetini. Baadaye akawa mwongozaji wa filamu, na filamu ndiyo iliyompa jina nje ya nchi yake. Anayemsoma kwa mara ya kwanza hukuta wasifu uliokatwa vipande vitatu visivyosalimiana: bendi ya mzaha, michoro ya Jumapili, na A Day Without a Mexican (Siku bila Mmeksiko), sinema kuhusu wahamiaji iliyozua kelele Marekani. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Njia rahisi ya kumwelewa ni kuanzia kwenye meza ya kuchorea, kwa sababu kanuni alizotumia jukwaani na nyuma ya kamera ni za mchora katuni. Anapofanikiwa, amezifuata. Anapokwama, mara nyingi amezivunja.

Nyumba iliyokwisha kugeuza katuni kuwa sinema

Arau alizaliwa mwaka 1951. Baba yake, Alfonso Arau, ni mwigizaji na mwongozaji ambaye dunia inamfahamu zaidi kwa Como agua para chocolate ya mwaka 1992. Kwa habari hii, hata hivyo, filamu ya kuangalia ni nyingine ya zamani zaidi: Calzonzin inspector ya mwaka 1974. Alfonso aliiongoza na kuigiza ndani yake, na chanzo chake kilikuwa Los Supermachos, jarida la katuni lililoanzishwa mwaka 1965 na Eduardo del Río, aliyejulikana kama Rius. Yaani Sergio alipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, baba yake alikwisha kuchukua wahusika wa kuchorwa kwa wino akawavisha watu. Kuvuka kutoka ukurasani kwenda kwenye skrini hakukuwa jambo la ajabu katika ukoo huo.

Rius mwenyewe anastahili mistari michache. Meksiko ilitawaliwa na chama kimoja, PRI, tangu 1929 hadi 2000, na katika sehemu kubwa ya miaka hiyo gazeti zito lilijua mipaka yake. Katuni ilipitia uchochoroni. Rius alichora kwa mistari myepesi, akaandika Kihispania cha mtaani, akabandika picha za vitabu vya kale kati ya michoro yake, na kwa njia hiyo akawafundisha siasa watu ambao wasingefungua tahariri hata siku moja. Mwaka 1968, pamoja na wachoraji Naranjo, Helio Flores na AB, alianzisha jarida la kejeli La Garrapata, yaani Kupe. Jina linatosha kueleza msimamo: mdudu mdogo anayeng'ang'ania ngozi ya mkubwa.

Kizazi cha Arau kilikuta mlango umeshafunguliwa kidogo. Mwaka 1976 uongozi wa gazeti la Excélsior uling'olewa kwa mkono wa serikali. Sehemu ya waandishi waliotoka humo wakaanzisha Unomásuno mwaka 1977, na kutoka Unomásuno kukazaliwa La Jornada mwaka 1984. Magazeti hayo mapya yalikuwa na kurasa maalumu za katuni: Másomenos katika la kwanza, Histerietas katika la pili. Humo wachoraji hawakulazimika kumchora rais na pua yake kila siku. Wangeweza kuchora lugha, usafiri wa mjini, mapenzi, ulevi, na mabishano ya vijiweni. Mfululizo wa Arau uliitwa La Netafísica. "Neta" katika lugha ya mtaani ni ukweli mtupu, ule ambao rafiki hukupa bila kupepesa macho. Ukiuunganisha na metafizikia unapata falsafa ya kijiweni. Tayari mbinu yake imeonekana: neno la juu na neno la chini yanafungwa kamba moja, kisha yanaachwa yavutane.

Katuni inavyofanya kazi

Katuni nzuri huvunja kanuni moja tu ya dunia. Mchore mtu aliyebeba kichwa chake kwapani akisubiri basi. Kichwa kimekosea mahali, basi. Tai, viatu, kituo na foleni nyuma yake vinapaswa kuchorwa kama vilivyo, tena kwa uangalifu zaidi kuliko kawaida. Mchoraji mchanga huharibu hapa. Akiona kichwa kwapani kinachekesha, anaongeza basi lenye mabawa na polisi mwenye mkia, na msomaji hajui tena acheke kipi. Upuuzi unahitaji jirani aliye timamu.

Kanuni ya pili inahusu maneno. Maandishi yaliyo chini ya mchoro hayapaswi kusema kilichokwisha kuonekana. Mchoro useme jambo moja, maneno yaseme jingine, na kicheko kitokee katika pengo lililo kati yao. Maneno yakirudia mchoro, pengo linazibwa na katuni inakufa hata kama mkono wa mchoraji ni wa dhahabu. Ya tatu ni muda: msomaji anatoa sekunde chache, na ukimchelewesha atageuza ukurasa. Kanuni hizi tatu zikae akilini, kwani zitarudi tutakapofika California.

Parachichi lililopondwa pamoja na gitaa la umeme

Bendi ilizaliwa katika wakati mbaya wa rock ya Meksiko. Septemba 11 na 12, 1971, tamasha la Avándaro karibu na Valle de Bravo lilikusanya umati mkubwa wa vijana, na magazeti yakageuza uchi kidogo, bangi na bendera kuwa kashfa ya taifa. Baada ya hapo redio, televisheni na kumbi za heshima ziliifungia rock milango. Muziki ukahamia pembezoni mwa jiji, katika maghala na viwanja vilivyopewa jina la hoyos fonkis, mashimo ya fanki, ambako vyombo vilikuwa vibovu, polisi walikuwa karibu, na mashabiki walikuwa watoto wa makabwela. Upande mwingine, wasomi wengi wa mrengo wa kushoto waliiona rock kuwa bidhaa ya ubeberu na wakabaki na nyimbo za ukombozi za gitaa la mbao. Kwa hiyo mwanamuziki wa rock alitukanwa na serikali kuwa mhuni na akatukanwa na wapinzani wa serikali kuwa kibaraka. Kisha mwaka 1982 nchi ikashindwa kulipa madeni yake ya nje na peso ikaporomoka.

Watatu wa Botellita walijipa majina ya jukwaani. Arau akawa El Uyuyuy, mpiga gitaa la besi Armando Vega Gil akawa El Cucurrucucú, na mpiga drams Francisco Barrios akawa El Mastuerzo. Mawili ya kwanza ni vilio vinavyosikika katika nyimbo za mashambani, sawa na mtu kujiita Vigelegele. Muziki wao wakauita guacarock, kutokana na guacamole: parachichi lililopondwa pamoja na kitunguu, pilipili, giligilani na ndimu. Ni mzaha, lakini pia ni maelezo sahihi ya mapishi. Guacamole iliyosagwa ikawa uji imeharibika. Vipande lazima vionekane. Kadhalika katika guacarock msikilizaji anatakiwa ajue wapi rock imeishia na wapi mariachi, mwanamuziki wa nyimbo za kienyeji za Meksiko, ameingia. Bendi nyingi zinazochanganya mitindo hulainisha mshono. Hawa waliuacha wazi, tena kwa uzi wa rangi nyingine.

Majina ya nyimbo zao yamejengwa kwa ufundi uleule wa katuni. "Heavy Metro" ni heavy metal iliyopanda treni ya chini ya ardhi ya Mexico City, ile ya abiria waliobanana kama dagaa. "Charrock and Roll" inamvisha rock kofia pana ya charro, mpanda farasi wa fahari ya taifa. Herufi moja au mbili zinabadilishwa, dunia mbili zinagongana, kazi imekwisha kabla gitaa halijalia.

Ugumu wa kweli ulikuwa kwenye mapigo, na huu ni mtego kwa yeyote anayejaribu kitu cha namna hii. Rock hukaa kwenye mapigo manne, na snea, ngoma ya drams yenye mlio mkali, hugonga kwa nguvu kwenye la pili na la nne. Huapango na mitindo mingi ya son, yaani muziki wa kienyeji wa Meksiko, hukaa kwenye sita, na sita hiyo hugawanywa mara kwa mafungu mawili ya tatutatu, mara kwa mafungu matatu ya mbilimbili. Msikilizaji aliyekulia na chakacha hatapata shida hapo. Mapigo ya sita ni ya nyumbani kwake. Lakini mpiga drams wa rock akiingiza snea yake ya kawaida juu ya huapango, ule mgawanyo wa pili unamezwa, na kinachobaki ni wimbo wa rock uliovaa sombrero. Njia mbili ndizo huleta nafuu: drams zinyamaze na kuliachia gitaa la mbao libebe mapigo, au wimbo ukatwe wazi, fungu hili la rock na fungu lile la kienyeji, kama fremu mbili za katuni zilizopangwa sambamba. Masikio ya mchora katuni hupendelea ile ya pili.

Kutoka albamu ya kwanza, Botellita de Jerez ya mwaka 1984, wimbo ulioishi kuliko yote ni "Alármala de tos". Asiyejua ¡Alarma! hataupata. Hilo lilikuwa jarida la mauaji na ajali, lenye picha za damu na vichwa vya habari vilivyobanwa kwa Kihispania cha kizamani, ambapo kiwakilishi hubandikwa mwishoni mwa kitenzi: akambaka, akamuua, kila kimoja neno moja, kama mapigo ya nyundo. Wimbo unachukua sarufi hiyo na kuiimba. Kinachochekwa ni jinsi gazeti linavyoupamba uhalifu, lakini kicheko hicho kina makali mawili, na msikilizaji wa leo ana haki ya kukisikia kikimkwaruza, kwa sababu mwanamke aliyeuawa amebaki kuwa kituko cha hadithi. Mwaka 1996 kundi la Café Tacvba liliurekodi upya katika Avalancha de éxitos, albamu yao ya nyimbo za watu wengine, na wengi wanaoujua wimbo huo waliupata kupitia huko bila kuwa na habari ya Botellita.

Naco

Sasa neno lenyewe. "Naco" ni tusi la kitabaka la Meksiko, na hakuna neno moja la Kiswahili linaloliziba lote. Mshamba ndilo lililo karibu, lakini mshamba anaweza kuhamia mjini, akanunua viatu vizuri, akasahauliwa ushamba wake. Naco ana ushamba uliochanganywa na rangi ya ngozi na sura ya wenyeji wa asili wa Amerika; pesa haimfuti, humzidishia, kwa kuwa atanunua kitu kinachong'aa kupita kiasi. Ni neno la mtu wa tabaka la kati anayeogopa kufananishwa na wa chini yake.

Botellita walitangaza: "todo lo naco es chido", kila kilicho cha naco ni poa. Mwaka 1987 wakafupisha na kuifanya jina la albamu, Naco es chido. Kisarufi hakuna kilichotokea zaidi ya kuunganisha nomino na kivumishi. Kijamii ndilo jambo kubwa walilofanya. Kuna namna mbili za kumjibu anayekuita mshamba. Unaweza kukanusha: mimi si mshamba, nimesoma. Ukifanya hivyo umekubali kwamba ushamba ni aibu, ila umejitoa wewe. Au unalipokea neno na kulibadilisha bei: naam, mshamba, na mieleka yetu, mabasi yetu yaliyopambwa, na bolero za mama zetu ni bora kuliko nakala mbovu ya London. Hapo aliyetukana hana tena silaha. Ndicho kile kibwagizo cha watoto.

Kuna doa, na lisifichwe. Waliogeuza tusi hilo hawakuwa wale waliolipokea kila siku. Arau ni mtoto wa msanii maarufu, na Vega Gil alisomea anthropolojia. Kuvaa unaco jioni jukwaani na kuuvua asubuhi si sawa na kuzaliwa nao. Haki inayopaswa kutolewa ni hii: hawakumfanya naco kuwa kioja cha kutazamwa kwa mbali. Walipiga muziki mbele yake, wakiimba kwa lugha yake, na waliona haya kidogo sana kuliko wenzao wa rika lao. Mwaka 1985 walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Rockotitlán, ukumbi wa kusini mwa Mexico City uliozipa bendi zilizoimba nyimbo zao wenyewe kwa Kihispania jukwaa la kueleweka. Wakati kampuni za kurekodi zilipoanza kuuza rock ya Kihispania kwa fujo, mwishoni mwa muongo huo, njia ilikuwa imeshafyekwa.

Arau aliondoka katika bendi karibu na wakati huo. Alichora, akapaka rangi, na mtindo wake akauita "art nacó", kwa kuiweka lafudhi ya Kifaransa mahali pa art déco, mtindo wa mapambo wa Ulaya. Mwaka 1994 alitoa albamu Mi Frida sufrida, akiwa na kundi jipya, La Venganza de Moctezuma. Kisasi cha Moctezuma ni jina ambalo watalii wa Marekani waliupa ugonjwa wa kuhara wanaoupata wakila Meksiko. Kuliita kundi lako hivyo ni kusema: mmetuita wachafu, basi subirini.

Wakati huo makazi yake yalikuwa yamehamia upande wa pili wa mpaka.

Ondoa kitu kimoja

Novemba 8, 1994, wapigakura wa California walipitisha Pendekezo 187, kwa takriban asilimia 59. Lililenga kuwanyima wahamiaji wasio na vibali huduma za umma, zikiwemo shule na matibabu yasiyo ya dharura, na kuwataka walimu na wauguzi wawaripoti wanaowashuku. Mahakama ya shirikisho ililizuia na sehemu yake kubwa haikutumika kamwe, lakini kampeni yake, iliyoungwa mkono na Gavana Pete Wilson, ilikuwa imeshamwambia kila mwenye jina la Kihispania kwamba yeye ni mzigo.

Wazo la filamu lilimjia Arau na mkewe, mwigizaji na mwandishi Yareli Arizmendi, kutokana na Siku Bila Sanaa. Hiyo ni kumbukumbu ya kila Desemba 1 iliyoanza mwaka 1989, ambapo majumba ya sanaa hufunika picha au kufunga milango kuwakumbuka waliokufa kwa UKIMWI. Kuonyesha thamani ya kitu kwa kukiondoa: mchora katuni yeyote angeikamata mara moja. Wakatengeneza kwanza filamu fupi, iliyotoka mwaka 1998, ya chini kidogo ya nusu saa, kisha filamu ndefu, A Day Without a Mexican, ya mwaka 2004 iliyoandikwa na wawili hao pamoja na Sergio Guerrero. Mbinu yenyewe ina mababu. Mwaka 1965 Douglas Turner Ward aliandika tamthilia Day of Absence, ambamo Weusi wote wa mji mmoja wa kusini mwa Marekani wanatoweka, na Wazungu wanaobaki wanaigizwa na Weusi waliojipaka nyeupe.

Kanuni iliyovunjwa ni moja. Ukungu wa waridi unaizingira California, na asubuhi theluthi ya watu haipo: kila mwenye asili ya Kilatini ametoweka. Theluthi hiyo haikutiwa chumvi, kwani sensa ya mwaka 2000 iliwahesabu karibu milioni 11 kati ya wakazi takriban milioni 34. Yote mengine yanaendelea kama kawaida, na ndiyo maana inachekesha. Hakuna wa kuvuna, hakuna wa kupika mgahawani, hakuna wa kukata majani, walimu hawapo, wachezaji wa besiboli hawapo. Seneta anayewapinga wahamiaji anajikuta gavana wa muda kwa sababu waliomtangulia wametoweka.

Kwa nini ukungu? Unaonekana kama pambo, kumbe ndio msumari unaoshikilia jengo zima. Bila kuifunga mipaka na kukata mawasiliano, mkulima angepiga simu Arizona na vibarua wangefika kesho yake. Tatizo lingetatuliwa kwa bei ya nauli. Wazo la namna hii likikosa uzio linavuja, na mtazamaji huanza kutafuta njia za kutokea badala ya kuhesabu hasara.

Umbo la taarifa ya habari nalo lina sababu. Filamu imevaa joho la kipindi cha televisheni: waandishi wenye vipaza sauti, wataalamu, mahojiano ya barabarani. Mwandishi wa habari husema upuuzi kwa uso mkavu, na uso mkavu ndio yule jirani timamu wa kwenye kituo cha basi. Ni mavazi ya bei nafuu pia. Kamera ya mkononi na mwanga mbaya vinakubalika, hata vinatakiwa.

Lakini wazo hili lina mtego uliofichwa ndani yake. Ukiwaondoa Wameksiko wote siku ya kwanza, umetengeneza filamu kuhusu Wameksiko ambamo hakuna Mmeksiko. Skrini inabaki na Wazungu wanaolalamika. Arau na Arizmendi walijinasua kwa Lila Rodríguez, mwandishi wa habari anayeigizwa na Arizmendi mwenyewe, Mlatini pekee ambaye hajatoweka. Wanasayansi wanamtaka, kila mtu anataka kujua damu yake ina nini. Kisha inabainika kwamba wazazi wake wa kuzaa walikuwa Waarmenia; Wameksiko walimlea tu. Angeweza kushukuru na kubaki. Anasema moyo wake ni wa waliomlea, na hapo naye anatoweka. Swali la Pendekezo 187, nani ni wa wapi na nani aamue, limejibiwa bila hotuba.

Ndiyo maana inauma kuona hotuba zikiandikwa kwingine. Filamu inasimama mara kwa mara kuweka maandishi kwenye skrini: takwimu za kodi, za mashamba, za uchumi. Kanuni ya pili ya katuni inavunjwa wazi, maana maneno yanarudia mchoro. Sababu inaeleweka. Mmeksiko wa Los Angeles hahitaji kuambiwa nani anavuna stroberi, lakini jirani yake aliyepiga kura ya ndiyo anahitaji, na maandishi yale ni ya huyo jirani. Filamu inazungumza na watu wawili kwa wakati mmoja na inamchosha kila mmoja kwa zamu yake. Halafu kuna muda. Mzaha uliotosha nusu saa umevutwa kupita saa moja na nusu, na wahakiki wengi wa Marekani hawakuusamehe.

Hoja yenyewe ina ufa pia. Ukimtetea mtu kwa kuhesabu kazi anazokufanyia, umemtetea kama punda. Je, mzee asiyevuna tena? Mtoto mgonjwa? Filamu inalikaribia swali hili kupitia Mary Jo, mke wa Kizungu aliyepotelewa na mume na mwana: yeye hakosi huduma, anakosa watu. Sehemu zake hazichekeshi sana, na zimezeeka vizuri kuliko zile za saladi kupanda bei.

Tangazo la filamu lilikuwa katuni safi. Bango lilitangaza kwamba Mei 14 hakutakuwa na Wameksiko California, na toleo la Kihispania likasema wazungu watalia siku hiyo. Tarehe ilikuwa ya uzinduzi. Waliolisoma vibaya walikasirika, na hasira yao ikafanya kazi ambayo bajeti ya matangazo isingeiweza.

Miaka miwili baadaye mchoro ulitoka kwenye skrini. Desemba 2005 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada H.R. 4437, uliotaka kuishi Marekani bila kibali kuwe jinai. Mei 1, 2006, mamia kwa maelfu ya wahamiaji waligoma kwenda kazini, shuleni na madukani katika miji mingi, Los Angeles ikiwa miongoni mwake. Mgomo huo uliitwa Un día sin inmigrantes, siku bila wahamiaji, na jina la filamu lilikuwa midomoni mwa waandaaji na waandishi wa habari. Tofauti ilikuwa moja: safari hii waliotoweka kazini walionekana wote barabarani, wamevaa nyeupe. Muswada ulikwama katika Seneti.

Kwa anayetaka kuanza, albamu ya mwaka 1984 itangulie, na ashike majina ya nyimbo kabla ya kubonyeza. Filamu fupi ikipatikana iangaliwe kabla ya ndefu, kisha mtu alinganishe ni vichekesho vipi vilinenepa na vipi vilikonda tu. Mwisho ibaki Naco es chido, filamu ambayo Arau aliitengeneza miaka kadhaa baada ya ile ya California, akiirudia mbinu ya taarifa ya uongo, safari hii juu ya Botellita de Jerez yenyewe. Watatu wa mwanzo wamo, wakidanganya kuhusu historia yao kwa uso mkavu. Vega Gil alifariki Aprili 2019, na sasa anayetaka kuwaona wakongwe hao watatu pamoja inabidi aende kwenye filamu hiyohiyo ya uongo.